Safari ya Viwanja na Wingu la Mashahidi

Watu wakisikia kwamba Wakristo watano wazima walifunga safari kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa ajili ya kutazama viwanja vya mpira, huuliza swali moja: kuna nini huko cha kumjenga mtu kiroho? Tumeulizwa hivyo na wazee wa usharika, tumeulizwa na wake zetu, na mchungaji wetu alicheka kwanza ndipo akatuombea. Swali ni la haki. Mpira una matusi yake na ugomvi wake, na wapo waliopoteza ada za watoto kwenye kubashiri matokeo. Hatuandiki ili kuutetea. Tunaandika kwa sababu jambo fulani kuhusu kanisa, ambalo tumelisikia likihubiriwa mara nyingi, tuliliona kwa macho tukiwa barabarani, na tumeona si vema kulikalia kimya.

Sisi tunatoka Nyanga, hapa Manispaa ya Bukoba. Tulikuwa watano. Mmoja ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Wa pili ndiye mwenye gari, Noah ambayo siku za kazi hubeba abiria. Wa tatu ana duka Kashai, naye ni Mkatoliki, lakini urafiki wetu naye ni wa tangu shule ya msingi. Wa nne ni kijana mwimbaji wa besi katika kwaya ya usharika. Wa tano ni mkulima wa kahawa wa Muleba aliyeoa kwetu, kwa hiyo sote tunamwita shemeji, hata yule Mkatoliki asiyehusika na ndoa hiyo kwa lolote. Kilichotukutanisha ni kibanda umiza cha jirani, ambako kwa miaka mingi tumekaa benchi moja kutazama mechi. Wawili ni Simba, wawili ni Yanga. Shemeji ni wa Kagera Sugar peke yake, na hajawahi kuona haya.

Mwezi Agosti 2025 nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, iliandaa mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani. Taifa Stars walipovuka kundi lao na kuingia robo fainali kwa mara ya kwanza katika mashindano hayo, mwenye gari akasema, "Mwaka huu hatutazami kwenye kioo." Mechi ilikuwa Ijumaa tarehe 22, dhidi ya Moroko, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mwalimu akaongeza wazo lake: kwa kuwa njia ni ndefu, kila mji wenye uwanja mkubwa tusimame, tuuone. Ndivyo safari ya mechi moja ilivyogeuka kuwa safari ya viwanja.

Mwalimu alikuwa na sababu zake, na alituambia siku ya kwanza. Alisema mtume Paulo alikuwa mtu wa viwanja. Alipowaandikia Wakorintho habari za wakimbiaji wanaopiga mbio na mmoja tu kupokea tuzo (1 Wakorintho 9:24), aliwaandikia watu waliojua anachosema, kwa maana karibu na mji wao, pale Isthmia, kila baada ya miaka miwili ilifanyika michezo mikubwa, na mshindi alivikwa taji la majani ambalo baada ya siku chache lilinyauka. Naye mwandishi wa Waebrania, baada ya kuwataja watu wa imani mmoja mmoja katika sura ya 11, anafungua sura ya 12 kwa picha ya wingu kubwa la mashahidi lililotuzunguka sisi tunaokimbia. "Hiyo ni picha ya jukwaa," mwalimu alisema. "Waliotangulia wako jukwaani. Sisi tuko uwanjani." Wakati ule tuliliona ni neno zuri la mwalimu wa Biblia, basi. Hatukujua kama litatufuata mpaka Temeke.

Tulianzia nyumbani, Kaitaba. Jumapili jioni baada ya ibada tulikwenda kusimama pale, kwa sababu mwalimu alisema mtu asisafiri kwenda kuona vya wenzake kabla hajaona cha kwake. Kila mwana Bukoba anaujua uwanja ule na nyasi zake bandia, na upepo wa ziwa unaoingia mchana. Lakini tukiwa tumesimama pale, hakuna aliyetaja goli. Tulichokumbuka ni siku mbili nyingine. Ya kwanza ni ile ya Septemba 2016, baada ya tetemeko la Jumamosi tarehe 10, ambapo watu wetu walipoteza ndugu na wengi zaidi wakapoteza nyumba. Ya pili ni tarehe 7 Novemba 2022. Jana yake, Jumapili asubuhi, ndege yenye watu 43 ilianguka ziwani ikikaribia kutua. Wavuvi waliwahi na mitumbwi yao, watu 24 wakapona, 19 wakafariki. Kesho yake majeneza yalipangwa Kaitaba, na mji ukaja. Walikuja Walutheri na Wakatoliki na Waislamu, wafanyabiashara wa sokoni na wanafunzi. Wengi wetu hatukuwa na ndugu katika majeneza yale, lakini tulikwenda, na hakuna aliyetuuliza tumekuja kama nani.

Shemeji alikuwa kimya muda wote huo. Tulijua sababu, au tulijua sehemu yake. Tuieleze hapa, kwa ruhusa yake.

Mwaka 1996 alikuwa na miaka kumi. Jioni ya tarehe 20 Mei baba yake alipanda meli ya MV Bukoba katika bandari ya Kemondo, akienda Mwanza kununua bidhaa. Asubuhi ya tarehe 21 meli ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kufika. Mamia ya watu walikufa, na hapa Kagera hapakuwa na kijiji kisichokuwa na msiba. Mwili wa baba yake haukutambuliwa. Familia iliweka matanga bila kaburi. Wengi walizikwa Igoma, nje kidogo ya jiji la Mwanza, na inawezekana yuko miongoni mwao, na inawezekana hayuko. Shemeji amekwenda Mwanza mara nyingi kwa shughuli zake za kahawa. Igoma hakuwahi kufika.

Kanisani huja. Hukaa kiti cha nyuma, upande wa mlango, na mke wake huimba mbele. Hashiriki meza ya Bwana. Siku moja, miaka kadhaa iliyopita, alituambia kwenye benchi la kibanda umiza, mechi ikiwa mapumziko: "Mimi ninakuja kwa ajili ya mke wangu. Mungu na mimi tuna kesi ambayo haijasikilizwa." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja umri wake. Baba yake ndiye aliyempeleka Kaitaba mara ya kwanza, akiwa amembeba mabegani. Mpira ndio urithi uliobaki kwake kutoka kwa baba, na ndiyo maana hakuacha kuupenda.

Tuliondoka Jumatatu alfajiri. Tulipita Muleba jua likichomoza juu ya migomba, tukasimama kwa wazazi wa mke wa mwenye gari tukanywa chai, kisha Kyamyorwa, Chato, Geita. Wakati wote huo kulikuwa na jambo moja ambalo wanne wetu tulilijua na hatukulitamka mbele ya shemeji: je, tukifika Mwanza, tumpeleke Igoma? Tulikuwa tumelijadili kabla ya safari bila yeye. Kijana wa kwaya alisema tumpeleke, kwa maana kidonda kisichooshwa hakiponi. Mwenye duka alisema mtu hapelekwi makaburini kama mtoto anavyopelekwa zahanati. Mwalimu alimaliza mjadala: tusiseme, tusizuie, tusikae mbali naye.

Baada ya Sengerema tulifika Busisi. Kwa miaka yote tuliyoijua njia ile, hapo palikuwa mahali pa kusubiri pantoni. Sasa kuna Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, miezi miwili tu kabla yetu. Tulilivuka kwa dakika chache. Kijana wa kwaya alipiga picha pande zote mbili. Shemeji alitazama mbele kama dereva, ingawa hakuwa anaendesha, wala hakugeuza uso kutazama maji.

Jioni tulifika CCM Kirumba. Mlinzi alikuwa mtu mwema, akaturuhusu kuingia. Uwanja mtupu ni kitu cha ajabu kwa mtu aliyezoea kuuona umejaa. Unasikia hatua zako mwenyewe. Mlinzi alitusimulia habari za tarehe 24 Machi 2021, watu wa Kanda ya Ziwa walipokuja kumuaga Rais Magufuli kabla hajazikwa Chato. Mwenye gari akasema, "Huyu naye hatuambii habari za mechi." Tulicheka, lakini alikuwa ametamka jambo ambalo tungelikuta kila mahali. Ukiwauliza watu wa mji siku kubwa za uwanja wao, watakutajia fainali moja au mbili, kisha watakutajia siku waliyolia pamoja.

Usiku ule, kwenye nyumba ya wageni, tukiwa tunakula sato, shemeji akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye sahani: "Igoma ni mbali kutoka hapa?"

Mwenye gari akamjibu, "Si mbali, shemeji. Tukiondoka saa moja asubuhi, tutakuwa na muda wa kutosha."

Hakuna aliyeongeza neno.

Igoma tulikaa karibu saa mbili. Ni mahali tulivu. Kuna makaburi na mnara wa kumbukumbu, na mtu anayetoka Kagera akisimama pale anaona kwamba amefika kwa watu wake. Shemeji alitembea peke yake kwanza, polepole, kutoka safu moja hadi nyingine. Sisi tulisimama mbali kiasi. Kisha alituita. Alitoa mfukoni kifurushi cha kahawa za kutafuna, zile ambazo kwetu Uhayani mgeni huzipokea anapoingia nyumbani. Tukatambua kwamba alikuwa amezifunga Muleba, au hata kabla. Hatukuwa sisi tulioamua habari ya Igoma. Akampa kila mmoja wetu punje chache. Zilizobaki akaziweka chini kwenye majani.

"Waitu, amekuwa mgeni huku kwa miaka ishirini na tisa," alisema, "na hakuna wa kwao aliyemkaribisha."

Huenda msomaji akauliza kama hilo lilikuwa tambiko. Mwalimu, ambaye ni mzee wa kanisa na si mwepesi katika mambo hayo, hakuliona hivyo, nasi hatukuliona hivyo. Tuliona mwana akitimiza adabu kwa baba yake, ile adabu ambayo maji yalimnyima nafasi ya kuitimiza akiwa na miaka kumi.

Kisha akasema, "Ombeni ninyi." Hatukuwa na maneno ya kutosha kwa mahali kama pale, kwa hiyo tulisali ile sala ambayo Bwana mwenyewe aliwafundisha wanafunzi. Mwenzetu Mkatoliki alifanya ishara ya msalaba, tukaanza pamoja. Shemeji naye alianza. Tulipofika pale tunapoomba mapenzi ya Mungu yatimizwe, sauti yake ilikatika. Sio kwamba alikuwa akilia. Alinyamaza tu, akafunga midomo. Sisi tukaendelea. Tulipofika kwenye mkate wa kila siku, alirudi, akaendelea nasi mpaka mwisho.

Ndani ya gari, tukielekea Shinyanga, alieleza mwenyewe. "Ile siwezi kuisema," alisema. "Nikiisema nitakuwa ninamwambia Mungu kwamba ile asubuhi ilikuwa sawa. Lakini nimesikia ninyi mmeisema. Sikuwazuia."

Mwalimu akamjibu, "Basi sisi tutaisema, shemeji. Wewe sema unazoziweza."

Tulifika Uwanja wa Kambarage pale Shinyanga mchana, jua likiwa kali, watoto wakicheza pembeni na mpira wa makaratasi. Usiku tulilala Singida, ambako tulikusudia kuuona Uwanja wa Liti, ule ulioitwa Namfua zamani. Huko ndiko mwalimu aliposhikwa na homa. Usiku wa manane alikuwa anatetemeka, na kipimo cha zahanati asubuhi kilionyesha malaria. Siku nzima ya Jumatano ikaishia hapo. Tunataka ijulikane ni nani aliyemuuguza. Shemeji ndiye aliyemshika mkono kwenda zahanati, akamnunulia dawa, akampikia uji kwa mama mwenye nyumba, akakaa kitini karibu na kitanda chake akimsomea gazeti la michezo mpaka alipolala. Sisi wengine tulipotaka kupokezana naye alikataa. "Huyu ameahidi kunisemea," alisema. "Asife kabla."

Uwanja wa Liti tuliuona kwa nje, siku ya Alhamisi tukiondoka, mwalimu akiwa amejifunika blanketi kiti cha nyuma. Jamhuri ya Dodoma tuliipita, Jamhuri ya Morogoro tuliifikia usiku taa za mji zikiwa zimewashwa, tukapiga picha moja getini. Ijumaa mchana tuliingia Dar es Salaam.

Kule Temeke viwanja viwili vinatazamana. Mkubwa ni wa Benjamin Mkapa, unaochukua watu 60,000, ambao ulifunguliwa mwaka 2007 na baadaye kupewa jina la Rais huyo alipofariki mwaka 2020. Jirani yake ni Uwanja wa Uhuru, ule wa Taifa wa zamani. Tulikuwa na saa kadhaa kabla ya mechi, kwa hiyo tulisimama nje ya uzio wa Uhuru. Mwalimu, akiwa ameanza kupata nguvu, alitukumbusha kwamba hapo ndipo bendera ya Tanganyika huru ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Ndipo watu walipompitia Mwalimu Nyerere mwezi Oktoba 1999. Na ndipo hapo, tarehe 21 Machi 2021, watu 45 walipokufa katika msongamano, walipokuja kumuaga Rais Magufuli. Walitoka majumbani kwenda kuomboleza, wakaombolezwa wao. Baadhi walikuwa watoto.

Tulinyamaza kidogo. Kisha shemeji akasema jambo ambalo tangu siku ile tumelizungumza mara nyingi. Alisema: "Yule wa Waebrania, mwalimu, alisema kwamba wale wa jukwaani wameshapokea?"

Mwalimu alijua anachouliza. Akafungua Biblia kwenye simu, akamwonyesha mwisho wa sura ya 11, mistari ya 39 na 40, ambapo imeandikwa kwamba watu wale wote wa imani, pamoja na kushuhudiwa vema, hawakuipokea ahadi, kwa kuwa Mungu alikusudia wasikamilishwe pasipo sisi. Shemeji alisoma mara mbili.

"Kwa hiyo nao wanasubiri," alisema.

"Wanasubiri nasi," mwalimu akajibu.

Mechi wengi wenu mliiona. Stars walicheza kwa moyo, na kipindi cha pili Moroko wakapata goli moja, likatosha. Siku hiyohiyo, huko Nairobi, Kenya nao walitolewa kwa penalti na Madagaska, kwa hiyo ulikuwa usiku wa machozi kwa majirani wawili. Tunachotaka kusema ni habari za jukwaa letu. Goli lilipoingia, kukawa kimya cha ghafla, kimya cha maelfu ya watu. Kisha mahali fulani kushoto kwetu kikundi kidogo kikaanza kuimba tena. Safu yetu ilikuwa imechoka. Kijana wetu wa besi alikuwa amepoteza sauti tangu kipindi cha kwanza, na hakuweza kutoa hata neno. Lakini wimbo haukusimama kwa sababu yeye hana sauti. Ulipita juu yake, ukamzunguka, ukaendelea, naye alikuwa ndani yake akipiga makofi tu. Baada ya dakika kumi hivi aliweza kuimba tena, kwa sauti ya kukwaruza, na hakuna aliyemwambia, "Mbona ulinyamaza?"

Hilo ndilo tuliloliona.

Katika injili ya Marko sura ya 2 kuna watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza. Walipokuta nyumba imejaa, walipanda juu, wakatoboa dari, wakamshusha na godoro lake mbele ya Yesu. Tumehubiriwa habari hii tangu shule ya Jumapili. Lakini angalieni imani ya nani imetajwa pale. Mstari wa 5 unasema Yesu aliiona imani yao, wale waliombeba. Imani ya mgonjwa mwenyewe haikutajwa. Huenda alikuwa nayo. Huenda kwa miaka mingi ya kulala kwenye godoro alikuwa na kesi yake na Mungu ambayo haijasikilizwa. Maandiko hayasemi. Yanasema tu kwamba alikuwa na watu wanne, na kwamba Bwana alitosheka na imani aliyoiona ikishika pembe nne za godoro.

Katika sharika zetu tuna mazoea ya kuipima imani ya kila mtu peke yake, kama daktari anavyompima mgonjwa mmojammoja. Tunauliza: huyu ameokoka? Huyu anashiriki? Mbona yule haimbi? Uamsho uliopita Kagera katika siku za babu zetu ulitufundisha kwamba kila mtu atoe ushuhuda wake mwenyewe, na jambo hilo ni jema, hatulipunguzi. Lakini uamsho huohuo uliwafundisha kuitana ndugu, na kutembea kwa miguu kilomita nyingi kwenda kumwona ndugu mmoja aliyepoa. Imani ni ya mtu, na tena ni ya jamaa. Kuna msimu ambapo mtu hana sauti, na msimu huo anaimbiwa. Kanisa likisimamisha wimbo na kumgeukia kumuuliza kwa nini ananyamaza, limemtoa nje ya wimbo. Likiendelea kuimba kumzunguka, yuko ndani yake bado.

Hatusemi kwamba mtu abebwe daima. Pale Singida yule aliyebebwa Igoma ndiye aliyembeba mzee wa kanisa. Godoro halina mwenyewe wa kudumu. Leo liko chini ya huyu, kesho liko chini yako, na aliyekuwa amelala juu yake anaweza kuwa ndiye mwenye mikono yenye nguvu kuliko wote.

Wala hatuwezi kuwaletea ushuhuda wenye mwisho uliofungwa vizuri. Jumapili iliyofuata mechi tulisali katika usharika mmoja wa Temeke, tukiwa wageni, tumekaa watano kwenye benchi moja. Ilipofika sala ya Bwana, shemeji alisali nasi. Alipofika mahali pale, alinyamaza tena. Sisi wanne, bila kupanga, tuliisema sentensi ile kwa sauti kubwa kidogo kuliko kawaida, mpaka mama mmoja wa mbele akageuka kututazama. Kisha shemeji akarudi kwenye mkate wa kila siku. Tangu turudi Nyanga amehama kiti cha nyuma, akaja kukaa nasi katikati. Sentensi ile bado haisemi, na meza ya Bwana bado haendi. Hatumsukumi. Mungu ambaye ana kesi naye ni mkubwa wa kutosha kuisikiliza kwa muda wake, na Ayubu alisema makali zaidi kuliko hayo, naye hakukataliwa.

Ndugu msomaji, Jumapili ijayo kabla ya ibada kuanza, tazama benchi ulilokalia. Huenda karibu nawe yupo mjane asiyeweza kuimba wimbo fulani kwa sababu uliimbwa kwenye mazishi, au mzazi ambaye mtoto wake hajarudi, au mtu ambaye tangu tetemeko, au tangu ndege, au tangu meli, ana mstari mmoja wa sala ambao hauwezi kutoka kinywani mwake. Usimuulize mbele za watu. Usimhamie mbali. Sogea karibu naye, na mahali atakaponyamaza, wewe sema, ili yeye asikie kwamba sala haijakatika. Na waliotangulia, wa Igoma na wa Kaitaba na wa Uwanja wa Uhuru, hatuwezi kuwahukumu wala kuwasemea yaliyo kati yao na Muumba wao. Tunaamini hawako mbali na rehema yake, nasi tunaisubiri ahadi ileile.